Chati Safi Kuliko Zote

Barua ya kuniambia kwamba mimi ndiye Muuguzi Bora wa Mwaka niliisoma nimesimama kwenye sinki la wodi ya wazazi, sabuni mpaka viwikoni, Metroni akinishikia karatasi mbele ya macho kwa sababu hakuwa na subira ya kungoja nijifute. Mara ya kwanza nilifurahi, kwa nini nidanganye. Miaka kumi na tisa unazalisha wake za watu, halafu siku moja mtu akukumbuke, si jambo dogo. Mara ya pili nikafika kwenye mstari uliosema nimechaguliwa kwa ubora wa kujaza chati za uchungu. Hapo furaha ikaniishia, na sabuni ikaanza kunikaukia mikononi.

Chati ya uchungu ni karatasi moja tu. Mama akiingia chumba cha kujifungulia anafunguliwa yake. Kila nusu saa unamwinamia, unamwekea pembe tumboni, maana ndivyo tunavyokiita kile kikopo kirefu cha kusikilizia moyo wa mtoto, unahesabu mapigo dakika nzima kwa saa ya mkononi, kisha unaandika namba kwenye kisanduku chake. Kisanduku kitupu ni kosa la jinai. Metroni wetu ni mwanamke mwema, lakini akikuta kisanduku kitupu atakusema mbele ya wapishi na madereva mpaka utamani ardhi ipasuke ikumeze. Kwa hiyo tumejifunza kuziba. "Umeziba?" tunaulizana mwisho wa zamu, kama watu wanaoulizana umekula. Unavuta kiti, unakumbuka siku ilivyokwenda, na pale ambapo hukufika unaweka namba ambayo mtoto mwenye afya angekuwa nayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuita uongo.

Nilimfuata Karani wa kumbukumbu chumbani kwake, kule nyuma ambako mafaili yamepanda mpaka dari na yeye mwenyewe anapita kiubavu. Nikamwuliza kwa sauti ya mtu asiyejali ni chati ipi hasa iliyoniletea sifa.

"Hii hapa," akasema, akiivuta kutoka droo ya juu kama mtu anayetoa picha ya mjukuu. "Wanakamati watatu walipitia mafaili ya mwaka mzima. Yenye doa, nje. Yenye kisanduku kitupu, nje. Yako haina hata alama ya kidole, Dada Mkubwa. Angalia hizo namba zilivyojipanga!"

Nikaangalia.

Niliikumbuka siku ile. Nilikuwa peke yangu, mwenzangu kaenda kumsindikiza mgonjwa hospitali ya rufaa. Kitanda cha kwanza kulikuwa na mama wa mimba ya pili, anaendelea vizuri, mcheshi, ananiita shoga. Kitanda cha tatu kulikuwa na msichana aliyejifungua asubuhi, na saa nne damu ikaanza kumtoka kama bomba lililopasuka. Kwa muda wa saa tatu nzima nilisimama na ngumi yangu ndani na mkono mwingine juu ya tumbo lake, nikikandamiza, nikimpigia kelele asifumbe macho, mpaka damu ikakata. Yule wa kitanda cha kwanza nilikuwa namwona kwa jicho la pembeni tu. Alijifungua saa tisa, mtoto akalia kabla hata hajatoka miguu. Jioni nilikaa nikaziba: mia na thelathini na nane, mia na arobaini na mbili, mia na arobaini, mia na thelathini na sita, mia na arobaini na nne. Niliziandika kwa kalamu moja, kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana zilijipanga.

"Siku hiyohiyo kulikuwa na mwingine kitanda cha tatu," nikamwambia Karani. "Yake iko wapi?"

Akachekacheka. "Ile? Ile ilikuwa ya kwanza kutupwa nje. Ina damu, imekunjamana, visanduku vitupu vitupu. Kwani siku ile ulikuwa na mawazo?"

Nilitoka mle ndani bila kumjibu, maana ningemjibu ningemtukana. Kazi bora niliyowahi kuifanya maishani mwangu ilikuwa kwenye ile karatasi chafu. Walichokuwa wakinipigia makofi ni kile nilichokiandika nimekaa.

Nilikwenda kwa Metroni, msidhani sikwenda. Nilimkuta anahesabu viti vya kuazima. Nikamwambia, "Metroni, mimi sistahili."

"Acha mambo ya bibi harusi," akasema bila kuinua macho. "Ungetaka apewe nani, mimi? Mgeni rasmi anakuja kwa ajili ya hospitali yetu, mwanangu. Mara ngapi wamekuja kutusifu? Wanakuja kutuuliza vifo tu."

Nikabaki nimesimama. Neno lilikuwa mdomoni. Nilisema sistahili, neno la adabu ambalo kila mtu hulisema akipewa kitu, wakati neno lenyewe lilikuwa sikupima. Silabi nne tu hizo, na nikashindwa. Nilifikiria leseni yangu. Nilifikiria kwamba mtoto yule alizaliwa mzima, sasa anatembea, hakuna aliyeumia. Nikajiambia kitu kisichomwumiza mtu kina haja gani ya kusemwa. Nikamsaidia kuhesabu viti.

Siku mbili baadaye wakaileta chati yangu ikiwa imekuzwa, kubwa kama mlango, jina la mama limefunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe. Metroni akaibandika mwenyewe kwenye ukuta wa chumba cha kujifungulia, mkabala na kitanda cha pili. Juu yake iliandikwa kwa wino mwekundu: HIVI NDIVYO CHATI INAVYOJAZWA.

Nesi mpya alisimama mbele yake amefunga mikono kama yuko kanisani. Huyu binti alikuwa na miezi miwili tu kwetu, tangu atoke chuoni, mwepesi wa miguu, mwoga kuliko kuku. Metroni alikwishamsema mara tatu kwa ajili ya visanduku na mara zote tatu alilia chooni.

"Dada, unawezaje?" akaniuliza. "Mimi zangu zinarukaruka. Mia na ishirini, mia na hamsini na mbili, halafu narudi mia na thelathini. Zako zimetulia."

Ndivyo moyo wa mtoto ulivyo, unarukaruka. Nilipaswa kumwambia hivyo. Nilimwambia, "Utazoea," nikaenda kukunja shuka ambazo zilikuwa zimekwishakunjwa.

Wiki ile yote sikuwa mtu. Chakula hakipiti, usingizi umenipaa, mlango ukigongwa nashtuka kama nimeiba. Mume wangu alidhani ni woga wa kusimama mbele za watu. Akawa ananifundisha kutembea: "Kifua mbele, mama watoto, usiende kama unafuata mkojo wa mgonjwa." Watoto wakavunjika mbavu. Nami nikacheka, huku nawaza kwamba siku ile atatokea mtu katikati ya watu, labda yule mama wa kitanda cha kwanza, aseme kwa sauti: shoga, lakini wewe mbona hukuja?

Siku yenyewe ikafika. Walifunga maturubai mawili uwanjani mbele ya jengo la wagonjwa wa nje, wakafunga na spika. Mimi sikuwa zamu. Niliketi mstari wa mbele na gwanda jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe, mume wangu nyuma yangu na koti alilonioa nalo. Wakaanza na wafanyakazi wengine. Mfuaji wetu, mama mtu mzima aliyefua damu za wilaya nzima kwa mkono kabla hatujapata mashine, alipewa cheti akakibusu. Dereva wa gari la wagonjwa alipewa chake, akasema kwenye spika kwamba anawaomba wajawazito wawe wanapiga simu mapema, watu wakaangua kicheko. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Wale walistahili. Kila aliyesimama alinisogezea zamu yangu karibu, na jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni kama ni mimi ninayejifungua.

Nilipobaki mimi tu, mgeni rasmi akasema anataka kwanza kuzungumza kidogo. Tulijua kidogo yake itakuwaje. Nikamnong'oneza mume wangu kwamba naenda msalani.

Sikwenda msalani. Miguu ilinipeleka wodi ya wazazi, na sijui hadi leo nilikuwa nafuata nini. Nadhani nilitaka kuibandua ile karatasi ukutani. Nilikuwa nimefikia hapo, mwanamke wa miaka arobaini na tano anapanga kuiba karatasi.

Benchi la nje, nyuma ya wodi, lilikuwa na mtu mmoja, mama wa makamo mwenye chupa ya chai mapajani. Nikamsalimia, akaitikia, akaniambia yupo na binti yake ndani, uzazi wa kwanza. Nikapita.

Kitanda cha pili kulikuwa na huyo binti, amelala chali, midomo imekauka, anatazama dari. Hakuwa anapiga kelele. Nesi mpya alikuwa dirishani anachungulia sherehe.

"Dada! Unafanya nini huku? Si wanakuita sasa hivi?"

"Nimekuja kunywa maji," nikasema. Na kwa mazoea tu, jinsi fundi seremala anavyogusa meza ya watu, nikaichukua chati iliyokuwa imening'inia miguuni pa kitanda.

Saa tatu, mia na thelathini na mbili. Saa tatu na nusu, mia na arobaini na mbili. Saa nne, mia na arobaini. Saa nne na nusu, mia na thelathini na sita. Saa tano, mia na arobaini na nne.

Nikainua macho nikatazama ukutani. Nikatazama tena karatasi niliyoshika.

"Umepima hizi?"

"Nimepima, Dada."

"Umepima lini?"

Akaanza kukunja pindo la gwanda lake. "Ile ya saa tatu nilipima kweli. Baadaye Metroni akanituma kufunga riboni na kupanga viti, nikawa napitapita tu. Nilipoketi kujaza niliogopa kukosea. Nikaona nifuate ile ya ukutani, kwa sababu ile ndiyo sahihi."

Sikumgombeza. Ningepata wapi mdomo? Nilipiga magoti, nikachukua pembe, nikaiweka tumboni kwa yule binti na sikio langu juu yake, macho kwenye saa. Kwanza sikusikia kitu isipokuwa spika ya nje. Nikahamisha. Nikahamisha tena. Kisha nikaupata, mbali, unavuta mguu. Nilihesabu dakika nzima ingawa kila sekunde nilitaka kuinuka na kupiga mayowe. Themanini na nane.

"Mtoto alicheza mara ya mwisho saa ngapi?" nikamwuliza.

"Zamani," yule binti akasema kwa sauti ndogo. "Nilisema."

Nikamgeuza alalie ubavu wa kushoto, nikamfungulia oksijeni, nikamwongezea dripu. Nikamtuma Nesi mpya akimbie kumwita Daktari: chumba cha upasuaji, sasa hivi. Nikabaki nimemshika mkono yule binti na kusikiliza tena. Themanini na nne. Nikamwambia apumue, nami mwenyewe sikuwa napumua.

Nesi mpya akarudi peke yake, anahema.

"Wamenizuia, Dada. Mgeni rasmi bado anahutubia. Metroni akaniuliza chati inasemaje."

"Ukamwambia nini?"

Machozi yakamtoka. "Nilimwambia mia na arobaini na nne. Akasema basi tusubiri amalize."

Nilimwonyesha pembe. Nikamwambia asikilize, asiache kusikiliza, aandike anachokisikia, hata kama hasikii kitu. Kisha nikatoka mbio.

Nilifika chini ya turubai hotuba ndiyo imekwisha, na mshereheshaji akaniona. Masikini yule bwana alikuwa ananitafuta. "Na huyo hapo anakuja mwenyewe, mbio mbio, ona alivyo na hamu na cheti chake! Makofi kwa Muuguzi Bora wa Mwaka!" Watu wakasimama. Makofi yakalipuka, wanawake wakapiga vigelegele, mume wangu akapiga mluzi wa vidole. Nikapita katikati yao nikaenda moja kwa moja meza kuu, alipoketi Daktari na ua kwenye mfuko wa koti.

"Chumba cha upasuaji, Daktari. Sasa. Kitanda cha pili. Mapigo themanini na nne."

Akanitazama akiwa bado na tabasamu. "Nimepita pale saa tano kasoro robo. Nimeiona chati, haina shida."

"Chati ni ya uongo."

"Ya uongo vipi?"

Na hapo Metroni alikuwa amekwishanifikia, maikrofoni mkononi, ameishika karibu na kifua changu akitaka nitoe shukrani. Niliiona. Nilijua imewashwa. Ningeweza kumvuta Daktari pembeni, ningeweza kusema mambo yamebadilika ghafla, lakini angeuliza tena swali la pili na la tatu, na mtoto hakuwa na nafasi ya maswali.

"Binti hakupima. Amenakili ile yangu ya ukutani. Na yangu pia sikupima, niliijaza jioni nimekaa. Inuka, Daktari, tafadhali, mtoto anakufa!"

Spika ililisema lote. Nililisikia likirudi kutoka ukuta wa jengo la wagonjwa wa nje, kwa sauti yangu mwenyewe, kubwa kuliko mimi. Makofi yalikatika. Sikugeuka kumtazama mume wangu. Daktari aliinuka kiti kikaanguka, na tukakimbia.

Ya chumba cha upasuaji siwezi kuyapamba. Jenereta ilikubali kuwaka mara moja, na hilo tu ni muujiza. Daktari alikata kwa haraka ambayo sijawahi kuiona, ua likiwa bado linaning'inia kwenye koti alilolitupa mlangoni. Saa sita na dakika tano walinipa mtoto wa kike, amelegea kama nguo iliyotoka kwenye maji, rangi ya majivu. Nikamfuta, nikamsugua mgongo, nikamwekea kinyago nikaanza kumpulizia hewa. Moja, mbili, tatu, puliza. Moja, mbili, tatu, puliza. Dakika ya nne bado. Nesi mpya alikuwa pembeni yangu ameshika saa, anaita dakika, sauti inakatika. Dakika ya saba kifua kikajivuta chenyewe. Dakika ya tisa akatoa sauti, hata kulia huwezi kukuita, kama mtu mwenye usingizi anayelalamika kidogo. Nikaendelea kumshikia oksijeni, nikamfungua kiganja na kuweka kidole changu ndani. Hakukishika.

"Anapumua," akasema Daktari. "Zaidi ya hapo tutajua kesho, na kesho kutwa, na akifika umri wa kukaa." Hakunitazama.

Nilipotoka koridoni Metroni alikuwa ananingoja. Uwanjani nilisikia viti vinakusanywa. Nilijiandaa kusemwa mbele ya wapishi na madereva, lakini alikuja karibu akasema kwa sauti ya chini, macho mekundu.

"Ya kule uwanjani tutayaongea. Kutakuwa na uchunguzi, utaandika maelezo, nami nitaandika yangu, maana nilimtoa yule mtoto wa watu kwenye kazi yake akafunge riboni. Lakini mama wa huyu binti hakuwepo pale. Alikuwa benchi la nyuma ya wodi. Kwake yeye mapigo yalibadilika ghafla. Unaelewa? Hutokea, mwanangu. Sote tunajua hutokea. Usimwongezee mzigo."

Nilielewa. Na nisiseme sikushawishika. Nilikuwa nimekwishalipa siku ile, au ndivyo nilivyojiona. Nilikuwa nimevuliwa nguo mbele ya mume wangu na wageni, nikadhani inatosha.

Nikaenda mpaka benchi la nyuma. Yule mama aliinuka aliponiona, chupa ya chai ikabingiria chini asiiokote.

"Wako hai?"

"Wako hai, mama. Binti yako atazinduka baada ya muda. Mjukuu wako ni wa kike. Anapumua kwa kusaidiwa."

Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, mikono iliyokuwa bado ina unga wa glavu. "Ni wewe, sivyo? Ni wewe waliyekuwa wanakupigia makofi? Nilisikia makofi na vigelegele hapa nilipokaa, ile spika huku inavuma tu, maneno hayafiki. Mama mmoja aliyepita akaniambia leo wanampa zawadi nesi bora kuliko wote. Tumebahatika, mwanangu. Katika siku zote, uchungu wa binti yangu umekuja siku yako."

"Keti, mama," nikasema.

Akaketi. Nikaketi kando yake. Nikamweleza. Sikutumia maneno ya hospitali. Nikamwambia kwamba tangu saa tatu hadi saa tano na nusu hakuna mtu aliyemsikiliza mjukuu wake. Nikamwambia zile namba zilizoandikwa zilinakiliwa kutoka karatasi ya ukutani, na ile karatasi ya ukutani niliiandika mimi, nayo pia haikuwa ya kweli. Nikamwambia kwamba mtoto alichoka katikati ya saa zile na hatujui amechoka kiasi gani.

Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige, nafuu ingekuwa hiyo.

Alitazama mlango wa wodi. Kisha akaanza kusema polepole, na hakuwa anasema na mimi hasa.

"Saa nne aliniita dirishani. Akaniambia, mama, mtoto ametulia, hachezi. Nikamfuata yule nesi mdogo nikamwambia. Akanionyesha karatasi. Akasema, ona, mama, imeandikwa, yuko salama kabisa. Mimi kusoma najua. Niliisoma kwa macho yangu. Nikarudi dirishani. Alikuwa analia. Nikamwambia aache kudeka. Nikamwambia wanawake wote wamezaa, wewe nani. Akanyamaza. Hakuniita tena."

Niliinama nikaiokota chupa yake ya chai.

"Hakuniita tena," akarudia. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia. "Akizinduka atanitafuta mimi kwanza. Niambie, nesi. Nikamwambie nini?"